Mahali pa Kulaza Gari

Gari langu ni zee, na kila asubuhi huanza siku kama mtu anayesafisha koo mbele ya kanisa zima. Naishi nyumba ya kupanga juu ya duka la viatu, katika mji mdogo wenye chuo ninakofundisha, na nyumba hiyo haina ua. Kwa miaka mingi sheria ya mji wetu ilikuwa fupi: giza likiingia, gari lisilale barabarani. Usiku ulikuwa wa malori ya majani ya chai yanayoelekea kiwandani, na dereva wa lori la chai hana subira na kioo cha pembeni cha mtu. Ukikaidi, askari wa kaunti, ambao bado tunawaita kanjo, walikufungia gurudumu kwa chuma, ukaenda darasani kwa miguu na kuwaambia wanafunzi kwamba unafanya mazoezi.

Kwa hiyo kila mwenye gari mtaani alikuwa na mtu wa kumlazia gari uani. Mimi nilikuwa na kogo. Ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, awe wako au wa jirani. Ua wake uko nyuma ya duka: mahindi kidogo, mistari michache ya chai, na zizi la ng'ombe mmoja mweusi mwenye mabaka meupe. Gari lililala kando ya zizi. Jumapili nilimpeleka kogo kanisani, naye alinipa maziwa ya chai kila asubuhi. Aliniita "kijana" akiwa amefurahi, na "profesa" nikifanya ujinga. Uprofesa wangu wote niliupatia pale.

Kisha sheria ikabadilika. Malori yalipewa barabara ya nje ya mji, na wakazi tukaruhusiwa kulaza magari upande mmoja wa barabara, mradi uweke kadi ya mkazi mbele ya kioo. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kadi. Jioni hiyo niliegesha chini ya dirisha langu, nikapanda ngazi, nikachungulia, nikashuka tena kulitazama kwa karibu. Asubuhi sikukanyaga samadi kwa viatu vya kazi. Nilijiona nimeendelea.

Lakini asubuhi hiyo hiyo maziwa hayakuja. Nikanywa turungi, chai isiyo na maziwa, ambayo huku kwetu ni kinywaji cha mtu aliyekosana na mkewe. Kesho yake ikaja nusu kikombe. Halafu akaja kogo mwenyewe, amebeba ndoo, akaiinamisha nione sehemu ya chini.

"Ng'ombe amekataa kuachilia maziwa," alisema. "Na wageni wa posa wanakuja wiki ijayo."

Posa ilikuwa ya mjukuu wake, na hapo nilielewa uzito wa ile ndoo tupu. Wageni wa posa hupewa mursik, maziwa yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yagande. Mursik ya kogo ilisifiwa hadi Kiptere, alikozaliwa.

"Niwape soda?" aliuliza. "Waende wakisema hii nyumba haina hata ng'ombe?"

"Umembadilishia chakula?"

"Nimebadilisha."

"Na daktari wa mifugo?"

"Amekuja. Amesema ng'ombe ni mzima. Hata pasta amekuja."

"Pasta alisemaje?"

"Tumngojee Bwana. Lakini kikombe chake cha mursik, hicho hangojei."

Nilitoa simu, nikasoma kidogo, nikamweleza kwa sauti ya darasani kwamba huenda ng'ombe ana msongo wa mawazo.

"Ako na mawazo gani, profesa? Analipa karo?"

Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa sikuwa na msaada mwingine, nilinunua gunia la chakula cha ng'ombe na kumpelekea. Betri yangu ilikuwa dhaifu, nikaogopa kuzima injini. Nililiacha gari likinguruma kando ya zizi, mahali pake pa zamani, nikaanza kupigana mieleka na gunia. Lilikuwa limeshanishinda kogo alipopiga kelele.

"Usizime! Profesa, usiguse hiyo gari! Ndoo! Ndoo iko wapi?"

Ng'ombe alikuwa amegeuka kulitazama gari, masikio yamesimama, na maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe kwenye nyasi.

Kwa baridi yetu, gari langu halitembei kabla ya kupashwa joto. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilipasha moto wakati kogo anakaa kwenye kigoda chake kukamua. Ng'ombe alijua kelele ile ni sehemu ya kukamuliwa, kama kufutwa matiti kwa maji ya uvuguvugu. Niliingia kwenye kiti cha dereva, nikakanyaga mafuta taratibu, na povu likapanda ndooni. Nilipolegeza mguu, ng'ombe aligeuka akanitazama.

"Kanyaga, kijana!" kogo aliimba kutoka chini ya ng'ombe. "Kanyaga!"

Jioni hiyo gari lilirudi kulala kando ya zizi. Kabla ya wiki kwisha, vibuyu vyote vilikuwa vimejaa.

Siku ya posa wageni walikuja na gari kubwa linalong'aa, na dereva akapiga honi nyuma ya langu, akitaka nafasi ile. Kogo alitoka na kitenge chake kipya.

"Hiyo haisongi. Paki yako huko nje."

Walipoonja mursik hawakuuliza tena habari ya nafasi. Mazungumzo yalikwenda vizuri, mvua ya alasiri ikanyesha kama kawaida yake, njia ya kwao ikageuka matope, wakakubali kulala. Kadi ya kaunti huwafaa wakazi na wageni wao, basi niliitoa kwenye gari langu nikaiweka mbele ya kioo chao. Ndipo angalau ikafanya kazi.

Asubuhi, baba wa bwana harusi alikuja zizini kumwona ng'ombe aliyesifiwa. Alinikuta kwenye usukani, injini ikikohoa, siendi popote.

"Na huyu mwalimu," alimwuliza kogo kwa adabu, "pia ni wa familia?"

Kogo hakuinua kichwa.

"Hapana, huyo ni jirani. Gari ndiyo ya familia."