Msumari Katika Chungu cha Maharagwe

Harufu ya betri ya gari inayoyeyushwa hukaba koo, kisha huacha utamu mdogo kwenye ulimi. Juzi niliisikia nikipita mtaa wa Mugunga, na mara nikawa tena uani kwetu, mtoto wa miaka minane, Papa ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akimimina risasi, ile metali laini ya betri, katika vikopo vya nyanya ili wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wapate vizito vya nyavu zao.

Mdogo wangu Amani alikuwa na miaka miwili na hakuwa na damu ya kutosha. Viganja vyake vilipauka kama bugali wa muhogo. Bibi, mama yake Papa, alipofika kutoka Butembo alimtazama mara moja tu, akaomba msumari mkubwa, akauosha, akautumbukiza katika chungu cha maharagwe.

"Mama, leo musumari, kesho utatupikia mabati?" Papa alicheka.

"Nyamaza, wee mwenye kukula moshi ya betri! Chuma inaleta damu."

Bibi hakukosea. Chuma kidogo huingia katika mchuzi, na mwili hukitumia kutengeneza damu. Aliporudi kwao aliniachia mimi kazi hiyo, akiniita Mama kama wazee wetu wanavyowaita wasichana: "Mama, usisahau dawa ya mutoto."

Siku moja Papa aliuchukua msumari ule akaupigilia mlangoni. Sikuthubutu kuuomba. Niliokota kizito kimoja cha nyavu, kinang'aa, kizito kuliko msumari, nikaamini Amani atapona upesi zaidi. Wiki nzima nilikichemsha na maharagwe na nyanya.

Amani akaanza kulia akishika tumbo. Mama alipokiona kizito kwenye upawa alidhani kimeanguka tu, akakitupa. Sikumwambia kwamba nilikitia mimi. Alimlisha mtoto mboga za lenga-lenga na sombe, na kituo cha afya kikampa sirope ya kuongeza damu. Tulikuwa tunajaza ndoo iliyotoboka.

Ni masomo ya uuguzi yaliyonifungua macho: risasi huuzuia mwili kutengeneza damu na huumiza ubongo, na mtoto aliyekosa chuma huipokea kwa wingi zaidi. Ilikuwamo pia katika moshi, na katika shati la Papa, ambalo Amani alilala juu yake kila jioni. Ni ipi iliyomdhuru, ya chungu, ya moshi au ya shati? Hakuna kipimo kinachoweza kunijibu leo.

Akina mama wanaokuja kliniki nawaeleza polepole, bila kuwatisha: baba aoge kwanza, abadili nguo, ndipo ambebe mtoto. Wananielewa.

Amani sasa ni kijana mkubwa. Hesabu ndogo humshinda, na njia ya kuja kwangu huisahau. Jumapili baada ya misa namfuata mwenyewe. Akifika hufunua sufuria, hucheka kwa kichekesho kile cha zamani cha nyumbani, aniulize mimi dada yake mkubwa:

"Yaya, musumari iko wapi?"

Namwambia maharagwe yameiva, akae ale.