Kura ya Mnyonge

Kila jioni tukiwa mlimani, watu wakishakula, mwenyekiti wetu aliwaketisha vijana kuzunguka moto na kuwauliza ni nani aliyewachelewesha siku hiyo. Hawakutakiwa kusema neno. Walinyoosha vidole tu. Aliyenyooshewa vidole vingi zaidi aliitwa Mnyonge mpaka jioni ya kesho yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita kwa jina lake. Asubuhi alifungiwa mgongoni sufuria kubwa ya uji, nyeusi kwa masizi, juu ya mzigo wake mwenyewe.

Chama chetu kilikuwa cha hisani. Kilianzishwa na padri Mzungu aliyerudi kwao muda mfupi baada ya uhuru, akatuachia chumba kimoja nyuma ya kanisa mjini Nyeri, mahema yaliyotoboka na rundo la mabuti ya jeshi. Tuliwachukua vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari, tukawafanyisha mazoezi uwanjani Ruring'u, kisha tukawapandisha Mlima Kenya. Mimi nilikuwa mwalimu, mwanamke wa Kakamega niliyehamishiwa Nyeri na serikali, na chama kikanifanya katibu.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kizuizini miaka ya Hali ya Hatari. Alirudi na mkono mmoja usiokunjika vizuri, na mjini watu walimpisha njiani. Nilipomwambia kwamba kura ile ilikuwa mbaya, hakukasirika.

"Mwalimu," alisema, "kule ndani niliona wanaume wakubwa wakivunjika kwa sababu hakuna mtu alikuwa amewaonea mbeleni. Hawa wangu hawatavunjika."

Mwaka ule tulipanda na msichana wa Karatina, binti ya mama aliyeuza kabichi sokoni. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na kikohozi kilimshika mara tu tulipoingia kwenye msitu wa mianzi. Jioni ya kwanza vidole vyote vilimwelekea. Jioni ya pili vilimwelekea tena, hata kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Kijana mmoja mrefu wa Ruring'u, ambaye mwenyekiti alimpenda kama mwanawe, aligundua kwamba kokoto ikirushwa vizuri inalia ndani ya sufuria. Basi tukapanda lile tope refu lililo juu ya msitu kwa mlio huo, kwe, kwe, na kila mlio ulifuatwa na kicheko. Kokoto nyingine zilimpata shingoni. Masizi yalimchirizika pamoja na jasho mpaka ukosi wa sweta yake ukawa mweusi.

Nilimfikia nikashika kamba ili nimpokee. Mwenyekiti aligeuka.

"Mwalimu, ukimbebea hiyo sufuria, huyu atarudi nyumbani saa hii, peke yake, apite huko kwa nyati."

Alimaanisha. Msichana akaniondoa mkono polepole.

"Wacha tu, mwalimu," alisema. "Nimeizoea."

Tulifika kwenye kibanda cha juu siku iliyofuata, mahali ambapo nyasi huisha na kubaki mawe na baridi. Hapo ndipo mwenyekiti alipougua. Alianza kwa kushika kichwa, halafu akatapika nyuma ya jiwe akidhani hatumwoni. Alipotoa amri maneno yaligongana mdomoni mwake. Mwongoza njia wetu, mkulima wa Naro Moru aliyeujua mlima huo tangu ujana wake, alinivuta kando.

"Huyu mzee lazima ashuke," alisema. "Mlima umemshika. Akilala hapa, anaweza kukosa kuamka."

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilimwambia mwenyekiti tushuke mpaka kambi ya chini kungali na mwanga. Akabisha, akajaribu kusimama, akakaa chini tena kama mtoto. Vijana walikuwa wamemzunguka wakimtazama. Kisha yule mrefu wa Ruring'u akasema, "Mzee, leo bado hatujapiga kura."

Mwenyekiti alicheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Kidole cha yule kijana kilinyooka, halafu vya wengine wote, mmoja baada ya mwingine. Msichana wa Karatina hakunyoosha chake. Alikwenda akaichukua sufuria kwenye mawe ya moto, ikiwa bado na joto, akaja kuiweka mbele ya miguu ya mwenyekiti.

"Mzee ni mgonjwa," nikasema. "Toeni hiyo kitu hapa!"

"Sheria ni yake, mwalimu," alijibu yule mrefu. "Hata huyu alikuwa anakohoa, na alibeba."

Nilitaka kumpiga kofi. Lakini mwenyekiti mwenyewe aliinua ule mkono wake mzima akanizuia. "Nifungieni," aliwaambia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kiburi au ugonjwa tayari ulikuwa umemharibia akili. Walimfungia. Walikaza kamba vizuri, kama alivyowafundisha.

Tukashuka. Mwongoza njia alimshika bega la kushoto, mimi la kulia, na hatukufika mbali kabla kokoto ya kwanza haijalia. Nikageuka nikawatukana kwa Kiluhya, kwa maana Kiswahili kilikuwa kimenitoroka. Nilipogeuka mbele tena, ikalia nyingine. Mwenyekiti alitapika akitembea, matapishi yakamwagikia koti. Tulipofika topeni goti lake moja lilizama na akaanguka kifudifudi, sufuria ikamgonga kisogoni.

Vijana walisimama. Hakuna aliyesogea kumwinua. Msichana wa Karatina alimjia karibu, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule mzee.

"Amka, Mnyonge," alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyoamshwa mtu ambaye chai yake imeiva.

Mwongoza njia alichomoa panga, akaikata kamba, akaishika sufuria kwa mikono miwili na kuitupa bondeni. Tuliisikia ikigonga mwamba mara nyingi. Kisha akawageukia wale vijana na panga mkononi akawaambia watandaze blanketi na kumbeba. Walimbeba mpaka kwenye lango la msitu, wakipokezana, na yule msichana alichukua zamu yake kama wengine. Kileleni hakufika mtu.

Mwenyekiti alilazwa hospitali Nyeri. Nilipokwenda kumwona, alikuwa amekaa kitandani akipumua vizuri, na macho yake yalikuwa makavu.

"Umeona vile wamekuwa wagumu?" aliniuliza.

"Nimeona, mzee."

"Hakuna hata mmoja alilia."

Alikuwa anajivuna, lakini alikuwa amelivuta blanketi mpaka kidevuni.

Wakati huo mlango ulifunguliwa na mama wa Karatina akaingia, kitambaa kichwani, amebeba nduma za kuchemsha kwenye kikapu. Binti yake alikuwa nyuma yake. Mama hakujua lolote. Aliushika ule mkono mbovu wa mwenyekiti kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mzee," alisema. "Huyu mtoto alikuwa mwoga, hata kuongea na wateja alikuwa hawezi. Sasa hata mimi ananijibu! Kula, upate nguvu."

Mwenyekiti alichukua kipande cha nduma akakitafuna muda mrefu. Msichana alisimama miguuni pa kitanda akimtazama anavyomeza. Sijawahi kumwona mtu mzima akila kwa hofu namna ile. Hakuinua macho mpaka walipoaga.

Alijiuzulu kabla ya mvua za masika, akasema ni afya. Kamati ilimfanyia karamu ya kumuaga, hotuba zikasomwa, na mimi nikapewa chama. Niliwapandisha vijana mlimani miaka mingi baada ya hapo. Jioni tuliimba au tulilala mapema. Wazazi wengine walikuja ofisini kulalamika kwamba watoto wao walikuwa wamerudi vilevile walivyokwenda. Niliwakaribisha chai, nikawaambia hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya.