Kiganja Juu ya Injini

Theresia hakumwelewa kabisa yule mzee, fundi umeme wa magari pale Kijenge. Alimpa shikamoo mgongoni mara mbili bila kuitikiwa, mpaka mzee alipogeuka mwenyewe na kumwona. Sasa alikuwa ameinamia injini inayounguruma, kiganja chenye makovu kimelala juu yake kama anayempima mtoto homa.

“Washa taa!” alipaza sauti. Theresia, ndani ya gari, akawasha. “Umeona inavyolemewa? Zima! Washa feni! Inalemewa tena. Umeme huo unatoka kwenye mafuta yako, mama. Ndiyo maana ukipanda mwinuko wa Oldonyo Sambu gari linakula mafuta hivyo.”

Theresia alitega sikio, asisikie tofauti yoyote. “Mbona mimi sisikii kitu?” aliuliza, mara tatu. Mzee aliendelea kuinamia injini. Dharau gani hii? Theresia alipoinama kuzima redio ili asikie vizuri, kiwiko kikagandamiza honi. Gereji nzima iliruka, mteja mmoja akajimwagia chai. Fundi, kichwa chake kikiwa shibiri moja tu kutoka kwenye honi yenyewe chini ya boneti, hakushtuka hata kidogo. Alikunja uso, akakikandamiza kiganja kwenye injini.

“Na hiyo,” aliuliza kwa sauti ileile kubwa, “umewasha nini?”