Spika ya Mpiga Inanga

Niyomwungere anaimba kwa kunong'ona. Si kwamba ana haya au ana ugonjwa wa koo. Ndivyo inanga inavyopigwa. Chombo chenyewe ni ubao mrefu uliochimbwa katikati kama hori dogo, na juu yake uzi mmoja unakwenda na kurudi mpaka unafanya safu ya nyuzi. Mpigaji huketi, akaulaza mapajani, akazichezea nyuzi kwa vidole huku akinong'ona. Nyuzi zinatoa tuni, mdomo unatoa maneno, na msikilizaji aliye karibu anasikia kana kwamba ubao ndio unaoimba. Aliye mbali hasikii kitu.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimsumbua. Sanaa hii alifundishwa na baba yake, aliyevuka mpaka kutoka Burundi. Yeye mwenyewe alizaliwa upande huu, akawa raia, akalima mihogo na maharage pembeni mwa mji wa Kibondo. Kwa miaka mingi aliitwa kwenye sendofu na harusi apige sehemu ile ya kumuaga binti, pale wazazi wanapokaa naye mbele ya watu na kila mtu ananyamaza. Zamani sherehe zilifanyika uani, watu wakimzunguka. Siku hizi kuna mahema, safu kwa safu za viti vya kukodi, na dijei na masabufa yake. Wenye sherehe wakaanza kumwambia kwa adabu, "Mzee, umepiga vizuri sana, ila watu wa nyuma walikuwa wanauliza kama umeanza." Mialiko ikapungua. Akaelewa kwamba asiposikika, ataacha kuitwa kabisa.

"Nunua spika yako mwenyewe," Saady alimshauri.

Saady ndiye aliyekuwa dijei katika nyingi za sherehe hizo. Ni mtoto wa mwenye duka jirani. Alipokuwa mdogo alikula kwa Immakulata, mke wa Niyomwungere, mara nyingi kuliko alivyokula kwao, na mpaka ukubwani alimwita Niyomwungere baba.

"Si nitumie hiyo yako?"

"Yangu ni ya kuchezesha watu, baba. Ukinong'ona mle, besi inakumeza. Wewe unataka kitu kidogo, cha kubebeka, cha kuchaji, chenye sauti safi. Twende Kasulu, nitakuchagulia mwenyewe."

Niyomwungere aliuza maharage ya msimu ule, Immakulata akaridhia, naye na Saady wakapanda basi la asubuhi. Niyomwungere alikwenda na inanga yake. Saady alimcheka njiani akisema spika inajaribiwa kwa flashi, lakini mzee hakuiacha.

Duka la Mwamvua liko karibu na soko la Kasulu. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, na yeye ni mama wa maneno mengi.

"Karibuni. Baba, hori umelileta, mbuzi umemwacha wapi?"

"Mbuzi ndiye mimi, mama. Natafuta kitu cha kunisaidia kulia."

Mwamvua alicheka, akavuta spika ya kwanza. Ilikuwa kubwa, yenye magurudumu na taa za rangi. Saady alichomeka flashi yake, muziki ukafumka, vikombe vikatetemeka kwenye rafu ya duka la jirani.

"Hiyo sasa!" Saady alisema.

"Hii inapiga muziki wa wenzangu," Niyomwungere alisema. "Sasa inipige mimi."

Alikaa juu ya kreti ya soda, akalaza inanga mapajani, Mwamvua akamshikia maiki. Mnong'ono ulitoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nyuzi zilinguruma, maneno hayakujulikana. Wakaleta ya pili, nyepesi ya plastiki. Hiyo, kila maiki iliposogezwa karibu na nyuzi, ilipiga yowe hadi wapita njia wakageuka.

Ya tatu ilikuwa kama urefu wa goti, nyeusi, bila taa hata moja. Niyomwungere aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akainyanyua tena. Alikuwa akifikiria bodaboda: spika katikati yake na dereva, inanga mgongoni. Ilikuwa na kistendi kifupi cha maiki, nacho akakitega kati ya mdomo na nyuzi. Mwamvua alivuka barabara, akasimama upande wa pili.

"Nasikia mpaka unavyomeza mate, baba!" alipaza sauti kutoka kule.

Saady hakupendezwa. "Haina hata taa. Watu watadhani umekuja na redio ya jikoni." Akaigeuza, akaichungulia nyuma, na uso wake ukabadilika. "Kumbe inarekodi. Basi chukua hii, baba, usiangalie nyingine." Akachomeka flashi yake. "Piga wimbo mzima, tujue kama haikati sauti."

"Wimbo gani? Hapa hakuna binti wa kuaga."

"Ule wa bibi."

Wimbo wa bibi haukuwa wa sherehe. Niyomwungere aliutunga kwa ajili ya mama yake, Nkunzimana, ambaye siku ya kukimbia Burundi, wakati wenzake wanabeba magodoro na sufuria, yeye alifunga inanga ya mumewe mgongoni kama mtoto mchanga. Watu walimcheka njia nzima. Ulikuwa wimbo wa nyumbani, wa siku za mvua, na Saady aliujua kwa sababu alikuwa akiusikia huku akila ugali wa Immakulata. Mle dukani Niyomwungere aliupiga hadi mwisho. Alikuwa na furaha ya kusikia, kwa mara ya kwanza maishani, jinsi anavyosikika na mtu aliyekaa mbali.

Mwamvua alirudi akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwanangu, hapo ulikuwa unajaribu au unarekodi?"

"Najaribu tu, mama," Saady alijibu. Akachomoa flashi, akaitia mfuko wa shati. Niyomwungere alimwona, wala hakufikiria lolote. Nani anamchunguza mifuko mtoto aliyemlea?

Mwanzoni spika ilifanya kazi yake. Kwenye sendofu ya kwanza pale Kibondo mjini, watu wa safu za nyuma waliacha kupiga soga, akina mama wakainama. Niyomwungere alikuwa akiichaji kwa kinyozi na kuifunika kitenge isiingie vumbi. Mialiko ikarudi kidogo. Halafu, ghafla, ikakatika. Hata wale waliokwisha kumwambia tarehe hawakupiga simu. Alidhani labda watu wamechoka na inanga, akajilaumu kwa maharage aliyouza.

Jibu lilianzia sokoni. Immakulata alikuwa akiuza mihogo yake pale mwanamke mmoja alipomshika mkono.

"Pole kwa kuuguza, mama."

"Namuuguza nani?"

Yule alidhani anaficha, akamfinya mkono kwa huruma na kuondoka. Siku iliyofuata Immakulata akapewa pole na mwingine, kisha na mhudumu wa mgahawa. Mwisho wa wiki mama mmoja wa Kitahana alifika nyumbani na mkungu wa ndizi na chupa ya uji. Alimkuta Niyomwungere juu ya paa akipigilia bati.

"Jamani! Mgonjwa gani huyu anapanda paa? Shuka, baba, utajiua!"

"Mgonjwa nani?"

"Si koo lako? Saady alitutangazia kwenye harusi ya jirani yangu kwamba koo limefunga, lakini kwa upendo wako umetuma sauti. Tulilia, baba. Ule wa mama aliyefunga inanga mgongoni, tulilia sisi sote."

Niyomwungere alishuka taratibu, nyundo mkononi.

"Ule wa mama?" Immakulata aliuliza.

Jumamosi ile Kipriani, mkulima wa Kitahana, alikuwa anaoza binti, na dijei ni Saady. Niyomwungere aliifunga spika yake kwenye bodaboda kama siku zote, akaenda. Akiwa bado barabarani alijisikia mwenyewe akinong'ona kutoka hemani, kupitia masabufa ya Saady, jina la mama yake likinguruma kwa besi. Alipoingia, mama wa bibi harusi alikuwa analia kwa kwikwi, na mshereheshaji anasema kwa sauti ya pole kwamba wimbo huo ni zawadi kwa mama huyu.

Watu walipomtambua walipiga makofi. "Amepona! Mzee amepona!"

Saady alimwendea haraka, amenyoosha mikono yote miwili. "Baba! Ungepiga simu nikakutumia pikipiki."

"Niliugua lini, Saady?"

"Tusiongelee hapa."

"Hapa ndipo nilipougulia."

Saady akashusha sauti. "Watu wanataka bei moja, baba, dijei na inanga pamoja. Nikikuleta ni mtu wa pili wa kulipa, usafiri, chakula. Wanagoma. Nikasema unaumwa ili wasione kama umeringa. Nimekulindia jina."

"Na mama yangu, umemlindia nini?"

"Si ndio wanaoupenda?"

Niyomwungere alinyoosha kiganja. Saady alielewa, akachomoa flashi, akamwekea mkononi bila ubishi wowote. Urahisi ule ndio uliomtisha mzee.

"Chukua tu, baba. Hata kwenye simu ninao. Na watu wameshatumiana mpaka Buhigwe."

Niyomwungere alimgeukia Kipriani, akamwomba nafasi ampigie binti wimbo wake, wenye jina lake na la ukoo wake. Kipriani, mtu mwema, alitazama sufuria za pilau, akatazama wageni, akajikuna shingo.

"Mzee wangu, tumeshakusikia. Na uliwatoa watu machozi. Chakula kinapoa."

"Mwacheni apige!" kijana mmoja alipaza sauti. "Tumrekodi laivu!"

Basi wakamwachia. Alikaa, akatega kistendi, akawasha spika yake ndogo. Alipoinua macho kuwatafuta wazazi wa binti, hakuwaona. Mbele yake kulikuwa na simu zimeinuliwa, safu kwa safu.

"Wekeni simu chini," alisema.

Wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Hakuna aliyeshusha. Alisubiri, mkono umelala juu ya nyuzi, na spika aliyoichagua Kasulu ikapeleka pumzi zake mpaka kiti cha mwisho. Kisha akaizima. Akafunga inanga mgongoni, akanyanyua spika kwa mkono mmoja, akatoka. Alikuwa hajafika barabarani pale muziki wa Saady ulipofumka na watu wakainuka kucheza.

Tangu hapo anapiga kwa sharti moja: simu zikusanywe kwanza. Mpaka naandika haya, ni familia moja tu iliyokubali, nayo ilialika watu wachache. Wengine humjibu kwamba watafikiria. Nilimuuliza kama amewahi kufikiria kumshtaki Saady kwa wazee wa mtaa. Alisema watu hao hao wanao wimbo kwenye simu zao, na wanamsifu kwa huo.

Saady bado ni jirani. Kazi zake zimeongezeka, na kila akipita mbele ya shamba husimama na kuita kwa sauti inayosikika njia nzima, "Shikamoo, baba!" Niyomwungere huegemea jembe lake akajibu, "Marahaba," kwa sababu alikolelewa shikamoo haiachwi bila jibu. Saady husubiri kidogo pale njiani, kama mtu anayetarajia kukaribishwa. Immakulata, aliye mlangoni, hatoi kigoda.