Jibu Nililotoa Buffalo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naweka kikombe cha chai chini. Umeniambia wiki ijayo unakwenda kuhojiwa kazi ya chuo kikuu, ukaniuliza uvae nini na useme nini. Ya mavazi kamwulize mwingine, mimi sijawahi kuvaa nikapendeza. Lakini ya kusema ninayo, nayo yananiuma. Kaa nikueleze.

Ilikuwa karibu miaka kumi iliyopita. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kwetu Kongo huyo ni mama mzima, lakini katika kazi hii ya maabara nilikuwa bado mtoto: nimemaliza shahada yangu ya uzamivu, sina kazi ya kudumu, natumika katika maabara za wengine. Nilikuwa Columbus, hapa hapa Marekani, nimepanga chumba kule Northland, jirani na duka la vyakula vya Kiafrika, na kila asubuhi napanda basi la Morse Road kwenda kuchunguza yaliyomo matumboni mwa ng'ombe. Ndiyo kazi yangu mpaka leo, unaijua: wale vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya mnyama na kumsaidia kusaga majani, na yanayompata mnyama wakitoweka.

Basi chuo kimoja cha Buffalo kikatangaza nafasi ya mwalimu wa mambo hayo hayo. Kazi ya kudumu, maabara yako mwenyewe. Tuliomba wengi, wakaitwa wachache, nami nikawamo. Unatoa mhadhara mbele ya idara nzima, unaulizwa maswali, ndipo wanaamua.

Sasa nikuambie swali langu la utafiti lilitoka wapi. Lilitoka kwa Papa, baba yangu mzazi. Alikuwa mfugaji milimani Kivu kabla vita havijatufukuza. Ng'ombe akiugua, akaacha kula, akawa hacheui tena, Papa alimwendea ng'ombe mzima aliyekuwa anacheua, akatia mkono kinywani mwake, akalitoa lile donge la majani, akampa mgonjwa alimeze. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kushika kichwa cha mgonjwa. Mate ya ng'ombe yalinijaa mpaka kwenye nywele, nikalia, naye akanicheka. Baada ya siku mbili tatu mgonjwa alianza kula.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeinamia darubini, ndipo nilipoelewa kwamba Papa alikuwa akihamisha vijidudu kutoka tumbo moja kwenda jingine. Wafugaji wengine nao hufanya hivyo, na madaktari wa mifugo wanajua. Lakini Papa alikuwa na la kwake: hakuchukua kwa ng'ombe yeyote tu. Alizunguka zizi, akatazama, akachagua. Wengine wazima kabisa aliwapita. Alikuwa anaona nini? Utafiti wangu wote ulikuwa hapo.

Siku hizo Papa alikuwa Louisville, anaishi na dada yangu kwenye maghorofa ya Newburg, anakunja maboksi katika ghala. Nilipompigia simu kumwambia nimeitwa Buffalo, furaha ilinizidi nikasema, "Papa, nitawaonyesha picha yako. Nitawaambia wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza."

"Bon," akasema, "kama ni vile, miye nakuja."

Akaja kweli. Alipanda basi mpaka Columbus na koti la suti aliloazima kwa mchungaji wake, mikono ya koti inamfunika vidole. Tukaenda pamoja hadi Buffalo, tukafikia kwa Bahati, mtoto wa shangazi yangu, ambaye familia yake ilikuwa imenunua nyumba kuukuu huko Black Rock. Papa alimsimulia Bahati habari za ng'ombe mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipitia mhadhara wangu, nikaifikia ile picha: Papa kando ya ng'ombe wake, peku, suruali imekunjwa, mkono umetapakaa tope. Nikaitazama kwa macho ya wale maprofesa. Nikaona watasema huyu mkimbizi ametuletea hadithi za kwao. Nikaifuta. Hakuna aliyeniambia niifute, mwanangu, usije ukamtafutia mtu mwingine lawama.

Mhadhara ulikuwa wazi kwa kila mtu. Papa na Bahati walikaa safu ya nyuma. Nilisema vizuri, hata mimi mwenyewe nilijisikia. Mwishoni profesa mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akauliza: hili wazo kwamba si kila mnyama mzima anafaa kumpa mwenzake, ulilipata wapi? Lilikuwa swali jepesi kuliko yote. Nilimwona Papa kule nyuma amejiweka sawa kitini, Bahati anamtafsiria sikioni. Nikajibu, "Nililisoma katika ripoti moja ya zamani ya daktari wa mifugo."

Hakukuwa na ripoti yoyote.

Bahati alisita. Papa akamvuta shati, ndipo akatafsiri. Papa akaitikia kwa kichwa, polepole, akabaki ananitazama.

Tukapanda gari la Bahati, tukakaribia nyumbani. Ndipo Papa akauliza, bila hasira yoyote, "Solange, ile kitabu ulisomaka, ni nani aliandika?"

"Kwa nini, Papa?"

"Niko nauliza tu. Nilikuwa nawaza ni miye peke yangu nilijuaka ile maneno. Donc, kumbe kuko muntu mwengine."

Mungu alinipa nafasi ya pili pale pale. Bahati alikuwa ananitazama kwenye kioo cha gari. Ningeweza kusema, Papa, nimedanganya, hakuna kitabu, ni wewe. Nikaona haya. Nikasema, "Ndiyo, Papa, yuko. Mzungu mmoja wa zamani."

"Bon," akasema. "Ni muzuri." Akageukia dirisha.

Kazi niliipata. Dada yangu aliniambia kwamba kanisani kwao Newburg walitangaza, watu wakampigia Papa makofi, naye akasimama akainama kidogo akakaa. Nikahamia Buffalo, wakanipa maabara yenye jina langu mlangoni. Ulipofika wakati wa kuanza majaribio nikampigia. "Papa, ulikuwa unamchaguaje yule ng'ombe wa kutoa?"

"Angalia mu kitabu, mama. Ile muzungu anajua zaidi. Miye nilisahau."

Nikapiga tena mwezi uliofuata, na mwingine. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya upole, kisha ananiuliza kama ninakula vizuri na kama nina koti zito la kutosha. Nikajiambia ni uzee. Nikajiambia pia kwamba nitakwenda Louisville, nitakaa naye, nitamwomba msamaha ana kwa ana, kwa sababu mambo kama yale hayasemwi kwenye simu. Likizo ikafika, nikawa na mitihani ya kusahihisha. Ikafika nyingine, nikawa na makala ya kumaliza. Papa alifariki Jumapili moja asubuhi akivaa viatu aende kanisani.

Kwenye matanga watu walijaa mpaka kwenye ngazi za ghorofa. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Papa kule ghalani na kusali naye alianza kusimulia, huku anacheka na kujifuta machozi. "Papa yako alituchokeshaka na ngombe yake! Kila siku ya Mungu, tukitoka kanisa, ni ngombe tu. Namna ya kuchagua ile yenye itatoa majani, alituelezaka yote, toka macho mpaka mavi."

Nikamshika mkono. "Aliwaambia nini, mzee? Macho yawe vipi?"

Alifikiri sana. Nilimwona anajitahidi, maskini. "Sijue tena, binti yangu. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Tuliwazaka weye uko najua. Si weye njo professeur?"

Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Papa hakuwa amesahau kitu, mwanangu. Alikuwa amenyamaza kwangu mimi tu. Wala sidhani alifanya hivyo kwa kinyongo. Nadhani aliniamini. Aliamini kwamba yuko mzungu aliyeandika vizuri kuliko anavyosema yeye, akaona haya kunipotezea wakati. Haya yangu nilimpa yeye aibebe. Baadaye nilimwandikia yule profesa nikamweleza ukweli wote, naye alinijibu kwa wema ambao sikuustahili. Picha ya Papa sasa ndiyo ya kwanza katika kila mhadhara wangu. Lakini nimepima mate, nimepima majani, nimepima mavi miaka yote hii, na sijajua bado alikuwa anaona nini kwa wale ng'ombe. Siku nyingine nasimama mbele ya zizi la chuo, natazama tu, na nalia kama mjinga, wanafunzi wanajifanya hawanioni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Wazo lako la nyuki lilitoka kwa mama yako mzazi na mizinga yake, uliniambia mwenyewe. Wakikuuliza, mtaje. Mtaje kwa jina lake, na mahali alipozaliwa, na kazi anayofanya sasa, hata kama ni kuogesha wazee wa watu. Wakicheka, wacheke, kazi nyingine zipo. Na kama umeshamficha mahali, usingoje likizo. Mpigie leo, hata kwenye simu, hata kwa kigugumizi, mwambie ulidanganya, kisha mwulize yale anayoyajua na uandike kila neno.

Mungu akutangulie huko uendako, mwanangu. Akupe kazi hiyo ukiwa huna wa kumwonea haya. Na mama yako akae pale katikati ya wanaokusikiliza, amsikie mtoto wake akimtaja.