Wifi Yangu Verlean Hakuondoka Darasa la Tatu

Marehemu mume wangu, Hosea Gaddis, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mji wao wa pamba, na dada yake Verlean alifundisha humo tangu usichana hadi uzee. Ninaandika habari zake kwa sababu zimesemwa vibaya kanisani, na jina la Gaddis si la kuchezewa.

Kiwanda cha kambare kilipofungwa, watoto walianza kuja shule na njaa. Walimu vijana walifuata mshahara kaunti ya jirani. Darasa la tatu, ambalo mtoto asiyefaulu mtihani wa kusoma hapandishwi la nne, lilimaliza mwaka mzima bila mwalimu wake. Serikali ya jimbo ikaipa shule alama ya chini kabisa. Wenye jamaa ng'ambo ya mpaka wa kaunti waliazima bili ya umeme ya jamaa hao, wakawaandikisha watoto wao huko kama wakazi.

Nyumba yangu iko ng'ambo hiyo. Kabla ya shule kufunguliwa, Latrice, binti wa Verlean, alinijia.

"Anti, niazime bili moja tu. Jamya anaingia darasa la tatu na kusoma hajui. Bibi yake mwalimu! Watu wanatucheka."

"Mama yako anajua umekuja?"

"Mama ameolewa na ile shule."

Nikampigia Verlean simu. Alikuja, akaketi bila kuvua kofia.

"Wifi, usimpe. Wazazi wote nimewasihi wasiondoke. Nitawatazamaje?"

"Mama, huyu ni mjukuu wako," Latrice alisema.

"Ndiyo maana nimeomba kushushwa nifundishe darasa la tatu. Nitamfundisha mwenyewe."

"Na akifeli?"

Bili sikutoa.

Mwaka ule alifundisha kwa miguu iliyovimba. Kila Jumatano aliwakusanya watoto katika ukumbi wa kanisa, akawalisha kwanza, ndipo wakasoma. Mtihani ulipokuja, wengi walivuka. Jamya hakuvuka.

Watu wakasema Verlean alimtoa mjukuu wake kafara apate sifa. Hao hawakumwona jikoni kwangu siku matokeo yalipotoka, ameshika kikombe cha kahawa hadi ikapoa.

Latrice alipata kazi huku ng'ambo kwetu, katika nyumba ya kutunzia wazee, akapanga chumba kwa jina lake mwenyewe. Verlean ndiye aliyezikunja nguo za Jamya.

"Nenda naye," alimwambia bintiye. "Safari hii hakuna uongo."

"Njoo nasi, Mama."

"Na wale wengine?"

Agosti, Verlean alifungua tena darasa la tatu. Jamya hakuwemo.