Sura Aliyoilainisha Laure Kanku

Saa nne asubuhi, umeme umerudi Manika, mtaa wa mji wa Kolwezi, na Laure Kanku hataki mchezo. Wanafunzi wake wamebanana kwenye benchi, kila mmoja na simu yake, wakijifunza kuweka madoido na maandishi kwenye video. Mmoja amemwaga nyota zinazometameta kichwani kwa bibi harusi hadi mtu hajui anayeolewa ni nani.

“Toa hizi nyota,” anasema Laure. “Hii ni ndoa, hapana moto.”

Wanacheka. Kisha Princesse, anayetengeneza video za kwaya ya kanisani kwao, anauliza kwa nini mwalimu hajawafundisha kile kitufe cha kulainisha ngozi, maana mjini kila mtu anakitumia. Laure anaangalia pembeni.

“Ile, mu masomo yangu haiko,” anajibu.

Sababu ni kijana mmoja aliyekufa, na mama yake ambaye hadi leo anamsubiri.

Laure, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mjukuu wa mfanyakazi wa migodini aliyeletwa kutoka Kasai. Hana mgodi wala ofisi. Ana chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Mwanafunzi hulipa dola kumi na tano kwa mwezi, akilipa. Kinachomlisha hasa, anasema bila furaha yoyote, ni video za kilio.

Wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti hufika Kolwezi kutoka kila pembe ya Kongo, na wengi huitana kwa majina ya utani. Shimo likimfukia mmoja, wenzake humpelekea Laure simu ili awatengenezee video ya kumuaga: picha, wimbo wa polepole, jina chini, basi.

Mwaka jana walimletea picha za kijana waliyemwita Motere, yaani injini, kwa kuwa alichimba bila kupumzika.

“Niliuliza jina, banasema Motere. Mi nikaandika Motere, sikuuliza tena,” anasema Laure. “Kisha nikaona iko na kovu kubwa ku nyushi, na vumbi uso muzima. Nikasema, mufu naye anastahili kuonekana muzuri. Nikalainisha.”

Kovu likafutika. Kijana akatoka mtanashati, kama mtu wa kwenye tangazo la sabuni. Wenzake walifurahi, wakaisambaza video simu hadi simu, hata ikafika Dilolo, mpakani na Angola.

Huko, mchuuzi mmoja aliiona, akamwonyesha Mama Annie, muuza samaki wakavu, ambaye mwanawe Sadrack Ngeleka alikuwa amekwenda kwenye mashimo ya Kolwezi na kunyamaza kimya. Mama Annie aliitazama hadi mwisho. Akasema anafanana naye, lakini si yeye: wake ana kovu kwenye nyusi tangu utotoni, na haitwi Motere. Akarudisha simu, akamshukuru Mungu mbele za watu.

Mdogo wa kiume wa Mama Annie, Tata Mathieu, hakutulia. Alisafiri hadi Kolwezi, akawatafuta wachimbaji, nao wakamwonyesha picha zile zile kama zilivyokuwa kabla Laure hajazigusa. Kovu lilikuwepo. Walimpeleka kaburini, na kutoka huko akaja kuketi kwenye benchi la wanafunzi wa Laure.

“Hakunitukana,” Laure anakumbuka. “Ningependa anitukane. Alisema tu: ‘Mama, dada yangu hanisikie tena. Anasema mi nataka kumuzikia mutoto muzima. Alimununulia na biatu ya Noeli.’”

Inauma kumtazama Laure. Sote tunaosambaza video bila kuuliza tuna sehemu yetu katika kosa hili, lakini yeye hamgawii mtu lawama.

Amekwisha kutengeneza video nyingine. Tata Mathieu alidhani ataituma kwa simu, lakini Laure amekataa. Kwao habari ya kifo haitumwi. Watu huenda, huketi na mwenye msiba, ndipo husema. Video ya kwanza ilikwenda peke yake, anasema, na hii ataipeleka mwenyewe.

Jumamosi wawili hao wataondoka kwenda Dilolo, kwa treni ikipatikana, kwa lori ikikosekana. Masomo yatafungwa hadi atakaporudi. Hajui kama Mama Annie atamfungulia mlango.

Wanafunzi wakishaondoka, anaifungua video hiyo. Uso una vumbi. Kovu liko mahali pake. Hakuna nyota, hakuna wimbo, na chini, pale anapowafundisha wengine kuweka jina, hakuna kitu. Anaulizwa kama amesahau.

“Hapana,” anasema. “Mi siandike tena jina ya mutoto wa muntu kama mama yake hajaisema bado. Nitamuonyesha uso, nitakaa naye. Siku ataita jina, hata ikikawia, njo nitaandika.”